Ramani ya Damu, Ramani ya Mbu

Mwaka 1949 Chuo Kikuu cha Oxford kilituma msafara Mlima Kenya. Wataalamu wa mimea walishughulika na mimea yao, wa wadudu na wadudu wao, na kijana mmoja, Anthony Allison, akaachiwa kazi ya kukusanya damu za watu. Nchi hakuwa mgeni nayo. Alizaliwa Afrika Kusini mwaka 1925 lakini akakulia Gilgil, katika shamba la wazazi wake lililotazamana na Ziwa Elementaita, na utotoni alipenda kufuatilia ndege na kwenda kuyatazama machimbo ya Louis Leakey. Alikuwa amesoma Chuo Kikuu cha Witwatersrand kabla ya kwenda Oxford. Sasa alirudi nyumbani na sindano, vichupa, na swali ambalo kwa wakati ule lilikuwa la kawaida kabisa: makundi ya damu yanatofautianaje kati ya kabila na kabila?

Pamoja na makundi ya damu, alipima jambo moja zaidi. Alitaka kujua ni nani kati ya watu hao wana chembe nyekundu zinazojikunja kuwa umbo la mundu zinapokosa oksijeni. Hao si lazima wawe wagonjwa. Anayerithi jeni ya selimundu kutoka kwa mzazi mmoja tu huishi maisha yake yote akiwa na afya, na wengi hawajui kama wanayo. Mgonjwa ni yule aliyeipata kwa baba na kwa mama. Huyo ndiye mtoto wa maumivu ya mifupa, wa macho ya njano, wa kuongezewa damu mara kwa mara, na enzi hizo ndiye aliyezikwa mapema.

Majibu yalimshangaza. Pwani na kando ya Ziwa Viktoria, zaidi ya mtu 1 kati ya 5 alikuwa na jeni hiyo. Katika nyanda za juu, hakufika hata 1 kati ya 100.

Mtu mwingine angepanga majedwali yake, akachapisha, akaenda zake. Mwaka huohuo wa 1949, Hermann Lehmann na Alan Raper walichapisha matokeo ya Uganda, wakiwemo Waamba wa Bwamba, chini ya Milima ya Ruwenzori, ambao karibu nusu yao walikuwa na jeni hiyo. Lakini maelezo yaliyotafutwa yalikuwa ya nasaba: nani Mbantu, nani Mnailoti, nani alichanganyika na nani, na ni wahamiaji gani wa kale walioileta damu hii Afrika. Ukoloni ulikuwa umeshawagawa watu katika makabila kwenye daftari za kodi na za mahakama, na sayansi yake ikafuata mstari uleule. Selimundu ikasomwa kama chapa ya ukoo.

Allison aliitazama ramani hiyohiyo akaona kitu kingine. Wabantu wa pwani walikuwa nayo kwa wingi, Wabantu wa mlimani hawakuwa nayo. Waluo wa ziwani, ambao lugha yao haina udugu na Kibantu, walikuwa nayo kama majirani zao. Kabila halikueleza chochote. Kilichoeleza ni mwinuko wa ardhi, joto, maji yaliyotuama. Kwa kifupi, mbu. Penye malaria ya mwaka mzima jeni ilikuwa nyingi, na penye baridi ambako mbu hastawi haikuwepo. Nadhani kila kilichofuata katika maisha yake ya utafiti kilitoka hapo: wenzake walikuwa wanauliza hii ni damu ya nani, yeye akauliza hii ni damu ya wapi.

Wazo hilo lilijibu fumbo lililowasumbua wanasayansi wa urithi. Jeni inayoua watoto kabla hawajazaa ilipaswa kupungua kila kizazi hadi iishe. Kwa nini hii ilikuwa imejaa tele? Wengine walisema labda inazaliwa upya kila mara, yaani mabadiliko ya jeni yanatokea Afrika kwa kasi isiyo ya kawaida. Allison, aliyekuwa amewasoma Darwin, Fisher na Haldane, alifikiri tofauti: jeni hii inaua mtoto anayeipata mara mbili, lakini huenda inamkinga na malaria yule anayeipata mara moja. Inachochukua kwa mkono mmoja inakirudisha kwa mwingine, na zaidi.

Hakuwa wa kwanza kabisa kunusa jambo hili. E. A. Beet, daktari aliyefanya kazi Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, alikuwa ameandika mwaka 1946 kwamba wagonjwa wake wenye chembe za mundu walionekana kuwa na vimelea vya malaria kwa uchache. Haldane naye, mwaka 1949, alikuwa amependekeza wazo la namna hiyo kuhusu ugonjwa mwingine wa damu, talasemia, unaowapata watu wa Mediterania. Lakini dokezo ni jambo moja na ushahidi ni jambo jingine, na ushahidi ulihitaji mtu aliye tayari kushinda juani na hadubini. Allison ilimbidi kwanza amalize masomo ya udaktari. Alirudi Afrika Mashariki mwaka 1953.

Safari hii alifanya mambo matatu. La kwanza lilikuwa rahisi kulielewa. Kuzunguka Kampala alipima watoto 290 wa Kiganda, wa umri mdogo ambao mwili haujajifunza kupambana na malaria. Watoto 43 walikuwa na jeni ya selimundu, na kati yao 12 walikutwa na vimelea vya malaria katika damu, sawa na asilimia 28. Watoto 247 hawakuwa nayo, na kati yao 113 walikuwa na vimelea, asilimia 46. Tofauti ilikuwa wazi, hasa kwa kuwa ilipatikana kwa kuwapima tu watoto waliokuwa wakiishi maisha yao ya kawaida.

La pili ni gumu kulisimulia bila kusita. Allison alipata watu wazima 30 wa Kiluo waliojitolea, ambao kwa angalau miezi 18 walikuwa hawajaishi penye malaria. Nusu yao, 15, walikuwa na jeni ya selimundu, na nusu hawakuwa nayo. Wote wakaambukizwa malaria kwa makusudi. Kati ya 15 wasio na jeni, 14 waliugua. Kati ya 15 wenye jeni, ni 2 tu. Walitibiwa, na takwimu zao zikaingia katika vitabu vya baiolojia vya dunia nzima.

Wakati ule kuwapa watu malaria halikuwa jambo geni katika tiba. Ulaya wagonjwa wa kaswende ya ubongo walikuwa wakiambukizwa malaria kama dawa tangu mwisho wa Vita Kuu ya Kwanza. Hata hivyo Kanuni za Nuremberg kuhusu ridhaa ya mtu anayefanyiwa majaribio zilikuwa zimeshaandikwa mwaka 1947. Ridhaa ya Mwafrika mbele ya daktari Mzungu mwaka 1953, chini ya serikali ya kikoloni, ilikuwa na uzito gani? Leo hakuna kamati ya maadili, iwe Dar es Salaam, Nairobi au Oxford kwenyewe, ambayo ingepitisha jaribio lile jinsi lilivyofanywa. Wapo waliolipinga kisayansi pia, wakisema mtu mzima aliyekulia ziwani ana kinga aliyoipata kwa kuumwa na mbu miaka mingi, kwa hiyo si kipimo kizuri. Hoja hiyo ilikuwa ya haki. Kwa maoni yangu watoto wa Kampala walitosha kuwa ushahidi, na wale wanaume 30 walibebeshwa mzigo ambao sayansi haikuuhitaji.

Jambo la tatu lilikuwa ramani yenyewe, sasa kwa upana. Alikusanya vipimo vya karibu watu 5,000 wa Afrika Mashariki na kuvilinganisha na hali ya malaria ya kila mahali. Tone la damu juu ya kioo, kemikali ya kuondoa oksijeni, kisha kutazama chembe zikijikunja. Ramani mbili, ya damu na ya mbu, zilikaa moja juu ya nyingine. Mwaka 1954 alichapisha makala tatu, ya kwanza katika jarida la madaktari wa Uingereza mwezi Februari. Alikuwa na miaka 28.

Hapa inafaa kuchukua chaki, kwa sababu hesabu ya jambo hili inatisha kuliko maelezo yake. Chukua mahali penye malaria kali ambapo watu wazima 40 kati ya 100 wana jeni ya selimundu, jambo ambalo lilikutwa sehemu kadhaa za Afrika Mashariki. Kanuni za urithi zinasema kwamba kati ya watoto 100 wanaozaliwa hapo, 4 watakuwa wagonjwa wa selimundu, 32 watakuwa na jeni moja, na 64 hawatakuwa nayo kabisa. Wale 4 wanakufa. Sasa, ili wale 32 waje kuwa asilimia 40 ya watu wazima, jumla ya waliobaki hai lazima iwe 80. Maana yake watoto 16 wengine wamekufa, na wote wametoka katika kundi la wale 64 waliozaliwa na damu ya kawaida. Robo yao. Hiyo ni hesabu ya ubaoni, na maisha hayafuati ubao sawasawa, lakini inaonyesha ukubwa wa kifo ambacho malaria ilikuwa ikikifanya vijijini, kizazi baada ya kizazi, bila kuandikwa popote isipokuwa ndani ya damu ya waliobaki.

Na maisha hayakuwa mbali sana na ubao. Mwaka 1956 Allison alichapisha takwimu za wilaya ya Musoma, upande wa Tanganyika wa ziwa. Kati ya watoto wachanga 287, asilimia 31 walikuwa na jeni moja. Kati ya watu wazima 654, walikuwa asilimia 38. Wagonjwa, wenye jeni mbili, walikuwa 9 miongoni mwa wachanga hao 287, lakini 5 tu miongoni mwa watu wazima 654. Kundi moja linayeyuka kati ya utoto na utu uzima, na jingine linaongezeka kwa sababu wenzao wamepungua. Darwin aliandika kuhusu uteuzi asilia bila kuwahi kuuona ukifanya kazi kwa binadamu. Musoma ulionekana, kwa idadi.

Huko kwingine, watu wa maabara walikuwa wanalifikia jambo hilohilo kutoka mlango mwingine. Mwaka uleule wa msafara wa Mlima Kenya, Linus Pauling na wenzake huko California walionyesha kwamba hemoglobini ya mgonjwa wa selimundu ina chaji ya umeme tofauti na ya mtu mwingine, wakauita ugonjwa wa molekuli, wa kwanza kupewa jina hilo. Allison mwenyewe alikwenda kufanya kazi kwa muda katika maabara ya Pauling. Kisha Vernon Ingram, akiwa Cambridge, akabainisha kosa lenyewe: katika mnyororo wa amino asidi 146, ya 6 imebadilika, palipostahili asidi ya glutamiki pamekaa valini. Herufi moja ya DNA. Hemoglobini yenye kosa hilo ikikosa oksijeni hushikana na kuunda nyuzi ngumu, na nyuzi ndizo zinazoipinda chembe.

Kwa mtu mwenye jeni moja, nyuzi hizo hazijitokezi katika maisha ya kila siku. Kimelea cha malaria ndicho kinachojiletea balaa. Kinapoingia ndani ya chembe nyekundu na kuanza kula, kinatumia oksijeni na kubadilisha hali ya ndani, chembe inajikunja, na wengu, ambao kazi yake ni kuondoa chembe mbovu, unaiondoa pamoja na aliyemo. Ni mpangaji aliyebomolewa nyumba angali chumbani. Si njia pekee. Kimelea hukua kwa shida ndani ya chembe yenye hemoglobini hii, na chembe zilizoambukizwa hushindwa kung'ang'ania vizuri kwenye kuta za mishipa midogo, na kung'ang'ania huko ndiko husababisha malaria ya ubongo. Watafiti wa Kilifi, wakiongozwa na Thomas Williams, waliwafuatilia watoto wa pwani ya Kenya na mwaka 2005 wakatoa vipimo vinavyotajwa mpaka leo: jeni moja ya selimundu hupunguza malaria ya kawaida kwa kiasi cha nusu, kulazwa kwa malaria kwa robo tatu, na malaria kali kwa karibu asilimia 90. Chanjo za malaria zilizopo leo hazijafika hapo.

Ndiyo maana ramani ya Allison ilivuka mipaka ya Afrika kwa urahisi. Selimundu ipo Ugiriki, kando ya lililokuwa Ziwa Copais, ambako malaria ilitawala kwa karne nyingi, miongoni mwa watu ambao hakuna aliyewahi kuwaita Waafrika. Ipo India kwa jamii za milimani na misituni, ipo Sicily, ipo Uarabuni. Oman ni mfano unaotuhusu zaidi, kwani jeni za selimundu zinapochunguzwa huko kwa undani hukutwa za aina ya Kiarabu na Kihindi, za aina ya Afrika Magharibi, na pia za aina ya Kibantu, ileile iliyoenea kwetu. Majahazi hayakubeba karafuu na pembe tu. Na wanajenetiki Daniel Shriner na Charles Rotimi, mwaka 2018, walikadiria kwamba jeni hizi zote zinatokana na mtoto mmoja aliyezaliwa Afrika kiasi cha miaka 7,300 iliyopita. Kilimo ndicho kilichoipa nguvu, kama alivyoeleza Frank Livingstone mwaka 1958: binadamu alipofyeka msitu ili alime, aliacha madimbwi yenye jua, na mbu wa anofelesi hapendi kitu kama dimbwi lenye jua karibu na nyumba za watu.

Kisayansi, mlango aliofungua Allison umepitiwa na wengi. Yeye mwenyewe aliendelea na upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, akishirikiana na David Clyde katika utafiti wa watoto wa Tanganyika uliochapishwa mwaka 1961, wakaonyesha kwamba hapo pia malaria imehusika. Leo wanafunzi wa jenetiki wanafundishwa kuwa malaria ndiyo iliyoigusa jenomu ya binadamu kuliko ugonjwa mwingine wowote unaojulikana. Na njia yake ya kuuliza mazingira kwanza, kabila baadaye, ndiyo ileile iliyotumiwa na Sarah Tishkoff na wenzake mwaka 2007 walipoonyesha jinsi wafugaji wa Tanzania, Kenya na Sudan walivyopata, kwa mabadiliko yao wenyewe ya jeni, uwezo wa kuyeyusha maziwa ukubwani.

Mtu angedhani Allison angekaa na selimundu maisha yake yote. Hakukaa. Kuna watafiti wanaochimba kisima kimoja hadi uzee na kuna wanaochimba, wakaona maji, wakaondoka. Alifanya kazi Oxford pamoja na Baruch Blumberg, na uchunguzi wao wa tofauti za protini katika damu ulikuwa hatua ya mwanzo ya njia iliyompeleka Blumberg kwenye virusi vya homa ya ini aina ya B na Tuzo ya Nobel ya mwaka 1976. Akaenda London, akageukia kinga ya mwili. Mwishoni mwa miaka ya 1970 alirudi Nairobi kuongoza maabara ya kimataifa ya Kabete iliyochunguza magonjwa ya mifugo, ndigana na nagana. Kisha, mwaka 1981, akaingia katika kampuni ya dawa ya Syntex, California.

Huko, pamoja na mkewe, mwanasayansi Elsie Eugui, alifanya jambo la pili kubwa maishani mwake, na njia ilikuwa ya jenetiki tena. Kuna watoto wanaozaliwa na hitilafu katika vimeng'enya vya kutengeneza purini, malighafi ya DNA. Hitilafu moja huua kinga ya mwili, nyingine huathiri ubongo lakini kinga ikabaki. Allison na Eugui walijiuliza: kumbe seli za kinga zinategemea njia moja tu ya kutengeneza purini? Kama ni hivyo, ukiziba njia hiyo kwa dawa utazipunguza kasi bila kuharibu seli nyingine. Dawa waliyoifikia, mikofenoleti, iliidhinishwa Marekani mwaka 1995 kwa waliopandikizwa figo, na imekuwa miongoni mwa dawa kuu zinazouzuia mwili usikikatae kiungo cha mtu mwingine. Allison alifariki California mwezi Februari 2014, akiwa na miaka 88. Nobel hakupata. Mamilioni wanameza alichobuni na hawajui jina lake, ambalo ni jambo la kawaida kwa watu wa dawa.

Lakini mimi narudi kwenye ziwa. Toka 1954, kila mwanafunzi wa sekondari anayesoma baiolojia, kuanzia Mombasa hadi Manchester, anafundishwa selimundu kama mfano wa uteuzi asilia. Mtoto aliyeuzaa mfano huo hakunufaika na chochote. Marekani ilieneza upimaji wa watoto wachanga na penisilini ya kinga katika miaka ya 1980. Ikaidhinisha haidroksiyurea, kidonge kinachoamsha hemoglobini ya kichanga na kupunguza maumivu, mwaka 1998. Kwetu wazazi waliendelea kuambiwa mtoto amerogwa, au ana laana ya ukoo, au mama ndiye chanzo, ilhali sayansi iliyoanzia mezani pao ilishasema tangu zamani kwamba jeni hutoka pande zote mbili. Takriban watoto 11,000 hukadiriwa kuzaliwa Tanzania kila mwaka na ugonjwa huu, idadi inayozidiwa na nchi chache sana duniani. Makadirio yanayotajwa kwa Afrika ni kwamba nusu au zaidi hawafiki miaka 5 wasipotambuliwa mapema.

Hali ilianza kubadilika watafiti wa huku walipoacha kuwa wasaidizi wa watu wa msafara. Muhimbili, kuanzia 2004, Profesa Julie Makani na wenzake waliandikisha na kufuatilia maelfu ya wagonjwa, kundi ambalo ni kati ya makubwa zaidi duniani katika kituo kimoja. Swali la kundi hilo lilikuwa la kidaktari: wanaugua nini, wanakufa na nini, nani anaishi na kwa nini? Kwa haidroksiyurea, kwa muda mrefu ilihofiwa kwamba ingewadhoofisha watoto wa Afrika mbele ya malaria. Utafiti uliofanyika Angola, Kongo, Uganda na Kenya, Kilifi ikiwemo, ukiwa na watoto 606, ulitoa majibu mwaka 2019. Waliopewa dawa walipata maumivu machache, waliongezewa damu mara chache, walikufa wachache, na malaria yenyewe ikapungua. Hofu ilikuwa imewanyima watu dawa kwa miaka 20 hivi. Nchi zilizoendelea nazo zimeshakwenda mbele: mwishoni mwa 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha Casgevy, tiba inayohariri jeni katika uboho wa mgonjwa mwenyewe. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mtu mmoja, na inahitaji hospitali yenye uwezo wa kupandikiza uboho.

Kimelea nacho hakijalala. Gavin Band wa Oxford, pamoja na watafiti wa Kilifi na Gambia, walilinganisha jenomu za watoto waliolazwa kwa malaria kali na jenomu za vimelea vilivyowalaza. Matokeo yao, yaliyochapishwa Desemba 2021, yanaonyesha kuwa vipo vimelea vyenye mabadiliko katika sehemu tatu za jenomu yao, na dhidi ya hivyo jeni ya selimundu haikingi kwa kiasi kile tulichozoea. Ile ramani ya 1949 ilikuwa na wachezaji wawili, mtu na mbu. Sasa wa tatu ameonekana waziwazi akiwa anajibu.

Watu huuliza kama selimundu itakwisha malaria ikikomeshwa. Chaki ileile inatoa jibu. Chukua kijiji chetu cha ubaoni, ambapo watoto 4 kati ya 100 huzaliwa wagonjwa, uondoe malaria yote kesho asubuhi, na uchukulie kwamba wagonjwa hawazai. Jeni itaanza kupungua, lakini polepole, kwa kuwa imejificha kwa watu wenye afya ambao hakuna kinachowapunguza. Itachukua vizazi 5, zaidi ya karne moja, kufika mtoto 1 kati ya 100. Na hapo hujawahesabu watakaookolewa na dawa, wakakua, wakaoa na kuolewa, wakapata watoto wao.